Nyayo Zilizotazama Mlango

Mlango wa nyuma wa jikoni uligongwa adhana ya magharibi ikimalizika, na mikono ya Sellah ilikuwa imejaa unga hadi kwenye viwiko. Hakufikiri. Alijibu kama ambavyo angejibu kwao Matungu, kwa uchangamfu: "Karibu!"

Hakuingia mtu. Mlango ulifunguka kidogo, upepo wa moto wa Jeddah ukapita, kisha mlango ukajifunga wenyewe. Sellah alipogeuka kutafuta kitambaa aliona nyayo za maji sakafuni, ndogo, za mtoto asiye na viatu. Zilianzia karibu na jiko, vidole vikitazama mlangoni.

"Lulwa, umetoka nje?"

Lulwa, binti wa miaka minne wa nyumba hiyo, alikuwa sebuleni miguuni pa madam, mama yake, soksi zake kavu. Sellah akajiambia kwamba ni mtoto wa jirani, ameingia na kutoka, basi akapiga deki. Lakini kulikuwa na harufu isiyofutika kwa deki: miwa inayochemshwa. Kwao ni nchi ya miwa, asingeikosea. Hapa mtaa wa Aziziya, nani anachemsha miwa?

Mara ya mwisho aliinusa wiki iliyopita, kisiwani Trinidad. Baba wa nyumba, mhandisi wa gesi, alikwenda huko kikazi akaichukua familia nzima, na Sellah akaenda kumshika mtoto. Alikwenda shingo upande, akarudi amekipenda kisiwa. Alisikia muziki ukipigwa kwa mapipa ya mafuta, akala chapati inayoitwa roti, akacheka peke yake kama mwehu. Siku ya mwisho walipelekwa kwenye shamba la zamani la miwa, na mwongoza wageni, Bi Ramdeen, aliwasimulia bila kupamba. Waliolima kwanza waliletwa kutoka Afrika kwa minyororo. Utumwa ulipokomeshwa wakaletwa Wahindi, mababu zake yeye, kwa mkataba wa miaka mitano, na aliyetoka shambani bila karatasi ya ruhusa alifungwa. Sellah, ambaye ikama, kibali chake cha ukaazi, na pasipoti yake vilikuwa mkobani mwa madam, aliutupia jicho mkoba huo.

Ndipo alipogundua kuwa Lulwa hayupo.

"Lulwa! Lulwa weee!"

Bi Ramdeen alimziba mdomo kwa kiganja. "Huku hatuiti jina la mtoto mahali pa wazi," alinong'ona. "Madwen watalishika."

Akamweleza kwamba hao ni roho za watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Huvaa kofia pana za majani, uso hawana, na nyayo zao zimegeuka, visigino mbele. Wakishajua jina la mtoto humwita mpaka awafuate, na akishawafuata ndiyo basi. Lulwa alipatikana nyuma ya mtambo wa kusagia miwa, akicheka na hewa.

Visigino mbele. Sellah aliyakumbuka maneno hayo jikoni Jeddah, asubuhi baada ya mlango kugongwa, ufagio mkononi, akageuka kuutazama mlango. Zile nyayo hazikuwa zikitoka; zilikuwa zikiingia.

Mchana huo Lulwa alikuwa akichora, mara akainua kichwa na kupaza sauti: "Nakuja!" Lilikuwa neno la Sellah mwenyewe; kutwa nzima ndivyo anavyomwitikia madam, na mtoto alikuwa amelinasa. Ila safari hii hakuna aliyekuwa ameita. Mtoto akasimama, akanyoosha mkono kana kwamba ameshikwa, akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea mlango wa jikoni, akitabasamu, na Sellah akamrukia na kumkumbatia huku akihisi upande wa pili kitu chenye nguvu kikimvuta, kikimvuta kwa subira, kama mtu anayejua kwamba mwishowe utachoka wewe.

Alimkimbilia Reuben, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzake, aliyekuwa akiosha gari.

"Reuben, kuna kitu kimeingia kwa nyumba. Kimetufuata kutoka kule kisiwani. Kinataka Lulwa."

"Shh! Ongea pole pole." Reuben alitupa jicho dirishani. "Ukitaja majini watasema ni wewe umeleta uchawi. Nikiwa Riyadh kuna dada alishikwa hivyo hivyo. Hiyo kesi si mchezo."

"Sasa nimwache achukuliwe? Huyu mtoto nimemlea tangu akiwa na miezi mitatu!"

"Kilibisha mlango?"

"Kilibisha. Nikasema karibu."

Reuben akaacha kusugua. "Ai, Sellah! Hiyo neno hata Waarabu wanaijua, kwao ni mambo ya kusonga karibu. Umekiambia kisonge."

Sellah alimpenda yule mtoto kuliko alivyoogopa kesi. Alimwendea madam akasema yote, akingojea kofi. Madam hakumpiga. Alikuwa ameinusa ile harufu kitandani mwa binti yake.

Alasiri aliletwa shekhe wa kisomo. "Nikianza, asiseme mtu neno," aliagiza. Madam alimpakata Lulwa sebuleni, Sellah akasimama kwenye mlango wa jikoni, na kisomo kikaanza. Harufu ya miwa ikazidi, ikawa nzito hadi kukaa ulimini, taa zikafifia na kuwaka, Lulwa akalia kwa sauti isiyo yake, na kwenye zulia nyayo za maji zikaanza kutokea moja baada ya nyingine, vidole vikimtazama mtoto lakini kila moja ikiwa nyuma ya iliyotangulia, zikirudi, zikirudi, zikampita Sellah na baridi yake, zikavuka jikoni hadi mlango wa nyuma, ambao ulijifungua wenyewe. Kinaondoka! Machozi ya shukrani yakamlengalenga.

Pale kizingitini sauti nyembamba ikasema, kwa Kiswahili cha kudonoadonoa ambacho Sellah alimfundisha Lulwa, "Haya, Sellah. Kwaheri."

Tangu utoto Sellah hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila jibu. Kabla akili haijaufikia mdomo, ulimi wake ulishasema:

"Haya, karibu tena."

Shekhe akakatiza kisomo. Mlango, uliokuwa umeanza kujifunga, ukasimama. Kizingitini zikatokea nyayo mbili mpya, kisha mbili nyingine ndani zaidi, vidole vikitazama nje.

Sebuleni, Lulwa aliruka kutoka mapajani mwa mama yake.

"Nakuja!"