Jina Lililoachwa Jandoni

Rafiki yangu Dadi alishachoka kusikia watu wa kijiji chetu cha Lupaso wakibishana kwa nini kijana aitwaye Jumanne alimuua kwa panga, shambani kwao, mwanamke mpita njia, asiyemjua kabisa. Bangi, uchawi, wazimu. Jumanne mwenyewe aliwaambia polisi, "Aliniita jina langu la utotoni," lile ambalo mvulana huliacha jandoni na halitamkwi tena.

Jioni moja Dadi alifuata kwa mama yake Jumanne pampu yake ya kupulizia mikorosho salfa, aliyokuwa amemwazima Jumanne.

"Iko shambani, baba. Mimi kule siendi tena."

Dadi alipofika shambani, chini ya mikorosho giza lilikuwa limeshatanda. Majani makavu yalichakarika nyuma yake, yakanyamaza. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu, ikamwita jina lake la kabla ya jando.

 Dadi alipotazama chini, aliona mkono wake umeshachomoa panga lililokuwa kiunoni.