Shati Lililochapwa Fimbo Thelathini

Shati la Kamanda Lam lilikataa kukauka. Thoa, mpishi wa kikosi, alilianika siku tatu juu ya jiko la handaki, lile ambalo moshi wake hupitishwa chini ya ardhi ndege za adui zisiuone. Kila asubuhi lilikuwa limelowa, tena lilinuka maziwa yaliyochacha.

Alijua chanzo. Lam alimpiga risasi chui milia anayenyonyesha, akamwamuru Thoa aichemshe mifupa apate dawa ya mgongo. Katika misitu ya milima ya Truong Son mnyama huyo hatajwi jina. Huitwa Mzee Thelathini, kwa sababu anayemuua hulala kifudifudi akachapwa fimbo thelathini, mzimu uone kisasi kimeshalipizwa.

Lam alicheka. "Kamanda achapwe na wapishi? Lichapeni shati langu."

Wakalichapa.

Siku ya nne Vuong, mdogo wake Thoa, aliingia jikoni amelivaa.

"Dada, nimependeza? Afande kalianua, kanipa. Eti langu lina matundu kuliko chandarua."

"Livue."

"Wivu huo."

"Vuong, livue. Sitaki kumpelekea mama nguo tupu."

Alipolivua, mgongoni palikuwa na michirizi mitano kama ya makucha, mibichi, inavuja damu. Nje nyani walinyamaza. Majani yakasikika yakikanyagwa polepole kulizunguka jiko, kitu kizito kikivuta pumzi, kikisimama mlangoni, kikinusa, na harufu ya maziwa ikajaa mpaka Thoa, aliyemwacha mtoto wa miezi minane kijijini akaja vitani, akahisi matiti yake yakiuma na kulowesha blauzi, akaelewa mama huyu anamtafuta nani.

"Si huyu," alinong'ona. "Subiri. Nitakupeleka kwake."

Mikononi mwake shati likakauka.

Alilichana, akalishona ndani ya koti la Lam kama bitana.

"Leo umefanya kazi, mpishi," Lam alisema akilivaa. "Lina joto."

"Ndiyo, afande."

Akaenda kukagua njia. Muda si mrefu mlio wa fimbo ukatoka msituni, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Lam, ambayo kwenye fimbo ya kumi na mbili ilikoma. Thoa alihesabu huku akikoroga.

Ishirini na tisa. Ya thelathini haikusikika.

Akautazama mwiko mkononi mwake, na sufuria ya mifupa aliyoikoroga siku nne.

Mlangoni, majani yakaanza kukanyagwa.