Mkono wa Bi Rukaya

Mkufu shingoni mwa Bi Rukaya ulilia "tii" na kuwaka kijani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimecheza. Mkufu huo uliitwa kiamshaneva. Kila mgonjwa wa kiharusi alipojitahidi kusogeza kiungo kilicholala, ulipeleka umeme mdogo kwenye neva ya shingo, na neva ikauambia ubongo: hapo hapo, shika njia hiyo.

Mhandisi Kiangi, aliyekuja kuukagua, hakufurahi. Alisoma hesabu kwenye kioo chake cha mkononi, kisha akamtazama Zawena, mke wa mtoto wa Bi Rukaya.

"Dada, kwa wiki saba mkufu umelia mara arobaini tu. Kwa siku moja ulitakiwa ulie mara mia tatu. Mnaishije humu ndani?"

"Vizuri sana," Zawena alijibu kwa fahari. "Mama hajagusa hata kijiko tangu augue. Namlisha, namwogesha, namfunga kanga. Hata nzi namfukuzia mimi."

Kiangi alishusha pumzi. "Basi ndiyo maana mkono haurudi. Kifaa hiki hakimfanyii mtu kazi. Kinaisaidia juhudi yake tu, na wewe humwachi ajitahidi. Zimebaki siku kumi. Mkono usipoamka, nitauchukua mkufu nimpelekee mwingine. Foleni ni ndefu."

Zawena alihisi uso ukimwaka. Huruma yake yote, kumbe ndiyo iliyoufunga mkono ule!

Kesho yake asubuhi aliweka bakuli la uji mbele ya mama mkwe wake, akamtia kijiko mkononi, akakaa. Mikono yake mwenyewe aliikalia, maana haikuaminika.

Kijiko kilianguka. Tii. Bi Rukaya akakiokota kwa shida, kikaanguka tena. Tii. Uji ulimchuruzika hadi kifuani.

Ndipo Saumu, binti wa Bi Rukaya, alipoingia na majirani wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa.

"Wifi!" Saumu alipiga kelele. "Mama anajimwagia uji na wewe umekaa kama mgeni wa harusi?"

"Mhandisi amesema tumwache ajaribu, wifi. Ndivyo mkufu unavyofanya kazi."

"Mhandisi ndiye mkwe wake? Kaka yangu kule Mwezini anachimba madini, anadhani mama ana mtu!"

Majirani walitazamana. Mmoja aliguna, na Zawena akajua kwamba kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umesikia. Miaka kumi na miwili ya jina zuri ilikuwa inaondoka na mguno ule. Mikono ilimwasha chini ya mapaja. Angeinuka tu, angechukua kijiko, na yote yangekwisha.

Hakuinuka.

Saumu alikikwapua kijiko, akachota, akakipeleka mdomoni kwa mama yake. "Kula, mama yangu."

Bi Rukaya akafumba mdomo.

"Mama, fungua."

Bi Rukaya alitikisa kichwa. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, na maneno yalitoka moja moja. "Mkono... ni... wangu. Kilete."

Saumu alikirudisha kijiko mezani, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nampigia kaka leo leo," alisema, akatoka. Majirani wakamfuata bila kuaga.

Kijiko kilipanda, kikatetemeka, kikagonga kidevu, kikashuka. Tii. Kikapanda tena. Safari hii kilifika, kikiwa na tone moja tu la uji, na Bi Rukaya akalimeza taratibu kama anayeonja mboga ya mtu mwingine.

Zawena alikuwa analia.

"Wee," Bi Rukaya alimwambia, kijiko kikiwa bado hewani, "kesho... pika wali. Uji... unanitoroka."