Kola Nyingi Kuliko Mashati

Cherehani ya Baba inalia kama mbuzi aliyenyimwa majani, lakini nyumbani tunaipenda. Ikilia, Baba ni mzima. Ikinyamaza ghafla, sote tunatega masikio, kwa sababu Baba ana pumu.

Baba anashona sare za shule katika chumba chetu cha mbele. Ukuta umejaa misumari. Kila msumari umebeba umbo la karatasi ngumu: mgongo, mkono, mfuko, kola. Kazi ikija, baba mdogo, ambaye ndiye mkataji, anashusha umbo, analilaza juu ya kitambaa na kukata. Kazi ikiisha, umbo linarudi msumarini. Hiyo ndiyo sheria ya chumba.

Siku moja baba mdogo alisahau kurudisha umbo la kola. Likabaki mezani, naye akaendelea kukata huku akiimba. Jioni tulikuwa na kola za kuvisha mtaa mzima na mashati ya kuvisha paka. Tangu hapo anaitwa Kola, na akiitwa anaitika.

Hospitali walimpa Baba dawa mbili za kuvuta kwa mdomo. Moja ni ya kufungua kifua upesi anapobanwa. Nyingine ni ya kuvuta kila siku, hata akiwa mzima. Ile ya upesi aliipenda kama mkwe mkarimu. Ya kila siku aliijaribu mara moja, siku aliyobanwa, asione kitu. Akaitupa kwenye kopo la vifungo. Alisema mkasi mzuri haumwombi fundi subira.

Mama alianza methali: "Sikio la kufa..." Akajikatiza mwenyewe. Aliogopa kuimalizia.

Kisha likaja agizo la sweta. Vumbi la nyuzi likajaa chumbani, likatua hata kwenye kope. Baba akawa anaivuta dawa ya upesi mara kwa mara. Nilimtania kwamba anaivuta kama tajiri na kiko chake. Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Asubuhi moja cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

Tulimkuta ameegemea meza, mabega yamepanda hadi masikioni. Kifua kilipiga mluzi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Niletee..." alisema, akavuta pumzi. "Ile..."

Hakumaliza. Baba yangu, anayeweza kumsema mteja kuanzia kizingitini hadi barabarani, alishindwa na maneno mawili.

Kola alikimbia kumwita jirani yetu muuguzi. Dada muuguzi alimketisha Baba wima, akamvutisha dawa ya upesi, akaagiza gari wakati uleule. Tukiwa njiani, mluzi wa kifua ukakoma. Nikashusha pumzi. Nikamwambia Mama kwamba amepata nafuu.

"Hapana, mdogo wangu," alisema muuguzi kwa sauti ya chini. "Kifua kikinyamaza hivi, hewa haipiti." Akamwambia dereva aongeze mwendo.

Nilishika mkono wa Baba. Ulikuwa wa baridi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mzaha hata mmoja.

Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni na kumchoma sindano. Alipona, akarudi. Lakini hofu nayo ilipanda gari, ikarudi nasi. Mama alipika huku sikio likiwa chumba cha mbele. Kola alikata kitambaa kimyakimya.

Muuguzi alipokuja kumjulia hali, aliomba kuiona dawa ya kila siku. Baba aliitoa kwenye kopo, kifungo cheupe kimeng'ang'ania ubavuni. Muuguzi hakumgombeza. Alitazama ukuta.

Alieleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno kuonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna maelekezo ya kazi. Maelekezo hayo ni jeni. Ni kama maumbo ya ukutani: yote yapo, ila seli hushusha lile tu linalohitajika. Vijidudu wakiingia, seli hushusha maumbo ya vita. Hutengeneza kemikali za kuwaita askari wa mwili, na mahali hapo pakavimba. Uvimbe huo una faida. Ukijichoma kidole kwa sindano ya kushonea, huvimba, kisha hupona, kwa sababu seli hurudisha umbo msumarini.

"Na mimi?" aliuliza Baba.

"Kwako wewe, kaka, vumbi kidogo tu linatosha kushusha umbo, na halirudi upesi. Seli zinaendelea kukata. Mirija ya hewa inabaki imevimba."

Sote tukamgeukia baba mdogo. Yeye akakagua dari.

"Kwa hiyo," alisema Baba polepole, "nina Kola kifuani."

Muuguzi alicheka, kisha akawa makini. Alisema dawa ya upesi hulegeza tu mirija iliyobana. Kule ndani ukataji unaendelea. Dawa ya kila siku huingia hadi kwenye kiini. Huyarudisha maumbo ya vita msumarini na kushusha ya kutuliza. Ila kola zilizokwisha kukatwa bado ziko mezani. Meza huchukua siku, hata wiki, kusafishika. Ndiyo maana Baba hakuona kitu.

"Nikijisikia mzima niiache?"

"Ukiiacha, umbo linashuka tena. Ivute kila siku, halafu sukutua kwa maji na uteme, usipate utando mweupe wa fangasi mdomoni. Ukiona unaihitaji ile ya upesi mara kwa mara, njoo kliniki. Ukishindwa kumaliza sentensi, vuta ile ya upesi na uende hospitali. Usisubiri."

Sasa tunafagia kwa kitambaa chenye maji. Baba hufunika pua tunapokata sweta. Dawa ya kila siku inaning'inia msumarini, katikati ya mgongo na mkono.

Juzi cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

Mama aliangusha mwiko. Kola, aliyekuwa akikatia uani, alitupa mkasi. Tulifika mlangoni pamoja, tukakwama.

Baba alikuwa dirishani na kikombe, anasukutua. Akatema.

"Mnanitolea macho kama mmeona jini, chakula kinaungua, kitambaa kimeachwa chini, na umbo la kola liko mezani tangu asubuhi, hivi nyumba hii nani atawafundisha kurudisha vitu mahali pake?"

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Kola akaokota umbo, akalirudisha msumarini.