Nyama Haiulizwi Kabila

Wewe mwenye cheti kinachokusanya vumbi kabatini, ungekataa kazi ng'ambo? Rafiki yangu hakukataa. Tulimaliza chuo pamoja, tukasota pamoja, mpaka wakala akamchukua, akamnyang'anya pasipoti na kumtupa jikoni kwenye bweni moja la vibarua huko ughaibuni.

Kila mchana walipika nyama nyeupe iliyoletwa kwenye magunia yasiyo na lebo. Alipouliza ni ya mnyama gani, mpishi mkuu, mwenzetu wa nyumbani, alicheka: "Msomi, nyama haiulizwi kabila. Onja chumvi!" Utaratibu wa pale ni mpishi kuonja kwanza. Akaonja mwezi mzima. Angefanya nini, seriously, na njaa ile?

Wiki iliyopita alitumwa chumba cha baridi kuleta gunia. Mlango ukajifunga, taa ikazimika. Akameza mate kwa hofu. Ndani ya gunia, kitu nacho kikameza. Akajaribu tena: glu. Gunia nalo: glu. Akabana koo, akatulia kama maji ya mtungini. Hapo gunia likameza lenyewe, na koo la rafiki yangu likafuata bila ridhaa yake.

"Ndugu yangu, nitoe huku," alinililia jana kwenye simu, siku nne baada ya kufunguliwa mlango ule. "Siku ya nne leo sijatia kitu mdomoni. Lakini saa ya chakula ikifika, koo linameza tu."

Wakala, usijifanye uko bize. Mrudishie pasipoti yake leo hii, na ututajie huyo mnyama, maana rafiki yangu hali kitu, na kila mchana anashiba.