Doa Jeupe Pembeni mwa Picha

Adhuhuri ile ngazi za jumba la maduka zilifurika watu kama siafu. Muuguzi mmoja, aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vyema, alikuwa akishuka na kamera ya marehemu babu yake begani, mkanda wa ngozi ulipokatika. Kamera haikufika chini. Kijana aliyekuwa akipanda aliidaka na kuikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Dada, mzigo kama huu haubebwi kwa mkanda uliooza."

"Na wewe nani, mwalimu wa mikanda?"

"Fundi wa kamera. Duka langu lipo huko juu."

"Nimelikuta limefungwa!"

"Hata fundi hula, dada."

Dukani, fundi alisoma kwa kioo cha kukuzia nambari iliyochongwa chini ya kamera, akatega sikio kusikiliza mlio wake. Kisha akatia filamu, akampiga muuguzi picha moja ya majaribio akiwa anacheka. Muuguzi aliitazama mikono ile tulivu, akasahau kwamba alikuja kuuliza kamera ingeuzwa bei gani. Akaiacha hapo ikaguliwe.

Simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" muuguzi aliuliza habari za kamera.

"Anapumua. Mahututi ni mimi."

"Kunywa maji, ulale."

"Muuguzi gani huyu asiye na huruma!"

Siku ya hukumu ikafika. "Mwili ni wa asili, tena adimu," fundi alisema. "Lakini lenzi si yake. Ni ya toleo la baadaye, na imemeguka kwa nyuma. Thamani haifiki nusu."

Uso wa muuguzi ulibadilika. "Babu aliapa kwamba hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Ilikuwa nzima mpaka ilipofika mezani kwako."

"Mpenzi, unasema nimeibadilisha?"

"Usiniite mpenzi. Nipe kamera yangu."

Fundi hakubishana. Aliifunga kwa kitambaa, akaweka juu yake bahasha ya ile picha, akampa. Fundi aliyeitwa mwizi hupoteza wateja. Lakini hilo lilimuuma kidogo kuliko gauni la kijani lililoteremka ngazi bila kugeuka.

Nyumbani kwa muuguzi, bibi yake aliifungua bahasha. "Mke mwenzangu, umependeza! Nani kakuchekesha hivi?"

"Mwizi."

Bibi aliisogeza picha dirishani, akaguna. "Ala! Doa hili bado linatufuata?"

Pembeni, juu, palikuwa na doa jeupe, dogo kama ukucha wa mtoto. Muuguzi akaishusha albamu ya familia. Picha yake ya siku ya kwanza ya shule: doa. Harusi ya mama yake: doa, pale pale.

"Babu yako aliiangusha kamera hii wakati mama yako yuko tumboni," bibi alisema. "Akapotea nayo kutwa nzima, akarudi akiapa haijamtoka mkononi. Nikamwachia. Mwanamume na kamera yake!"

Muuguzi alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia kichwani, akainua simu.

"Fundi, nimekukosea. Babu ndiye aliyebadilisha lenzi kwa siri; doa la mmeguko wake limo hata kwenye picha ya harusi ya mama, kabla sijazaliwa. Nisamehe."

Sauti ikaja, imelainika. "Nimeshasamehe. Lakini bei haipandi."

"Siiuzi. Nataka kujua tu kama itafaa kwa picha ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Hilo la kuuliza ni lako."

Fundi alicheka mpaka sauti ikamkauka. "Basi nauliza. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali."

"Na doa litatokea, mpenzi."

"Lisipotokea, bibi hataamini kwamba nimeolewa."