Kigen na Hash Yake Kubwa

Kwenye foleni ya kahawa ya kituo cha mafuta, katikati ya Dallas na Houston, Ndeshi alikuwa akigomba kwenye simu, gauni lake la kitenge likimpepea magotini.

"Kigen, jamani, ufunguo wa curve ya 384 unatiwa saini kwa hash ya ukubwa wake, SHA-384! Wewe umeweka SHA-512 kila mahali. Server za wateja zinakataa saini zetu!"

"Lakini 512 ni kubwa, Ndeshi. Kubwa ni safe."

Sauti ilitoka kwenye simu, na pia nyuma yake. Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka, simu sikioni, ameduwaa. Walikuwa wakiandika programu moja ya SSH, ya kuunganisha kompyuta kwa usalama, kila mtu mjini kwake, na walikuwa hawajawahi kuonana. Kigen akamnunulia kahawa kubwa kuliko zote dukani.

Penzi likakolea. Ilipokaribia siku ya posa, Ndeshi alimwonya:

"Mpenzi, baba mdogo hapendi makuu. Akiona fujo, haniozi. Njoo na mshenga mmoja tu."

"Sawa, babe."

Jumamosi, uwanja wa maegesho wa nyumba za Gulfton, Houston, alikoishi baba mdogo, ukajaa magari. Wakashuka Kigen, mchungaji, kwaya nzima, na akina mama wa kwao Cedar Hill, kule Dallas, na sufuria za pilau. Baba mdogo alichungulia dirishani, akafunga komeo. Simu ya Ndeshi ikalia.

"Babe, mbona mmefunga mlango?"

"Nilisema mshenga mmoja!"

"Lakini kwetu ukienda na watu wachache, wataona huna watu!"

"Na kwetu huko ni kuvamiwa! Unanichosha, Kigen! Hash lazima ilingane na curve ya mwenzako, la sivyo saini inakataliwa. Mara ngapi nimekwambia?"

Akakata simu, akalia kwa hasira. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Baadaye ikasikika hodi ya upole. Baba mdogo akafungua. Kigen alikuwa mlangoni na Mama Everline peke yake, mmoja wa akina mama wale wa pilau.

"Wengine wako wapi?"

"Kwa magari, baba. Nimekosa. Huyu ndiye mshenga wangu."

Baba mdogo akamgeukia Ndeshi. "Unamtaka msumbufu huyu?"

"Ananitia wazimu, baba. Lakini namtaka."

Mzee akavuta pumzi. "Haya, ingieni."

Mama Everline akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Huko chini kwenye maegesho magari yote yakaitikia kwa honi, na majirani wakafungua madirisha.

Baba mdogo akashika kichwa.